Hela ya vitabu haipiti kwa mwalimu mkuu

Kila Januari shule zikifunguliwa nasikia lile lile, hapa Mwanza, iwe mwaloni Kirumba, kwenye daladala ya Igoma au mkutano wa wazazi Buhongwa: "Serikali imeleta mabilioni ya vitabu, mwalimu mkuu kajengea nyumba." Nimekuwa afisa elimu kata, leja za stoo nimezikagua mpaka nimechoka nazo, na wizi nimeuona. Ila si huo mnaousema.

"Mwalimu mkuu kala hela ya vitabu."

Hesabu yenyewe hii hapa. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kiwango cha tangu MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) ya 2002, na ndicho kilichotumika elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016. Humo, 4,000 hubaki juu, serikali kuu, kwa ajili ya vitabu. TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, inaandaa na kuchapisha, halmashauri inapokea, inagawa. Kwenye akaunti ya shule zinaingia 6,000. Shule ya watoto 1,000 basi inapata milioni sita kwa mwaka, yaani laki tano kwa mwezi: chaki, karatasi za mitihani, vitasa, mipira. Vitabu havimo. Sekondari ni 25,000, na nusu yake hubaki juu vile vile.

Sasa mzazi anamfokea mwalimu kwa pesa ambayo haijawahi kugusa akaunti ya shule, huku diwani, anayekaa kwenye baraza linalopokea taarifa za mgawo, anaondoka mkutanoni anachekelea. Hilo ndilo linaloniudhi. Swali la kumbana mwalimu mkuu lipo, tena kali: tuonyeshe leja ya vifaa. Vimepokelewa vingapi, lini, vya somo gani, viko kwa nani? Na ruzuku inayoingia inatakiwa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Ukikuta ubao mtupu, hapo gomba.

Stoo nako usidanganywe na jumla. Unaweza kukuta lundo la Uraia na Maadili wakati Hisabati watoto watano wanavutana kitabu kimoja. Uwiano wa vitabu kwa watoto wa mkoa mzima ndio kabisa: unazichanganya shule za Nyamagana mjini na za visiwa vya Ukerewe, ambako boksi la vitabu lazima kwanza livuke ziwa.

"Chenji ya rada iliyeyuka."

Pauni milioni 29.5 za BAE Systems, kampuni ya Uingereza iliyoturudishia pesa kwa sakata la rada tuliyouziwa, zililipwa 2012, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili wakahamia mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika, Kuhesabu), vitabu vyao vya zamani vikakosa kazi. Mwenye hasira na aanzie hapo: tunanunua kwa wingi, halafu tunabadili mtaala.

"Elimu bila malipo ni pamoja na madaftari."

Hapana. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 uko wazi: sare, madaftari na kalamu ni juu ya mzazi.

"Mtaala mpya umekuja, vya zamani ni vya kufungia karanga."

Mtaala mpya ulianza 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu. Madarasa mengine yaliendelea na vitabu vyao. Hata hivyo Maarifa ya Jamii nimeinunua mwenyewe stendi, ina karanga ndani.

"Vikikaa stoo vitadumu."

Hii ni ya walimu wenzangu, wala msinune. Unyevu wa ziwa na mchwa huua kitabu upesi kuliko mtoto. Jalidi kwa kaki, andika namba, mtoto asaini, aende nacho nyumbani. Akikipoteza, mwite mzazi wake mzungumze. Na mzazi mwenye simu janja asisubiri boksi: vitabu vya TET vinasomwa bure kwenye maktaba mtandao yao. Bando la jioni moja linamtosha mtoto kusoma sura nzima.