Tani 12 za Kimondo cha Mbozi zinatoka wapi?

Nafundisha fizikia hapa Mbeya, na wanafunzi wakishafika Ndolezi kukiona Kimondo cha Mbozi huwa nawauliza: tungamo lote hili limetoka wapi? Kimondo kinakadiriwa kuwa na tani 12 (wapo wanaosema 16, mimi nahesabu kwa 12). Siku hizi jibu la haraka ni "Higgs", yaani chembe ndogo ya Higgs. Tangu CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ilipotangaza Julai 2012 kwamba chembe hiyo imepatikana, watu wengi wanaamini ndiyo inayovipa vitu vyote tungamo. Sivyo, na ukweli wenyewe unastaajabisha zaidi.

Kimondo ni chuma kwa takriban asilimia 90, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Tungamo lake karibu lote limo kwenye protoni na nyutroni. Protoni moja, ukiipima kwa nishati kama tunavyofanya wanafizikia (tungamo ni nishati, ndiyo maana ya E = mc² ya Einstein), ni elektronivolti milioni 938; elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati. Ndani yake mna chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki, tatu, na hizo kweli hupata tungamo kutoka uga wa Higgs, yaani uga uliotanda kila mahali ambao chembe ya Higgs ni dalili yake. Lakini zijumlishe zote tatu: hazifiki hata milioni 10. Asilimia 1 tu! Kwa kimondo kizima ni kama kilo 120. Elektroni zake zote hazizidi sana kilo 3.

Tani zinazobaki ni nishati: ya kwaki zinazokwenda kasi zikiwa zimebanwa mahali padogo mno, na ya gluoni, chembe zinazozishikilia pamoja. Gluoni zenyewe hazina tungamo hata chembe. Mwaka 2008 tungamo la protoni lilikokotolewa kwa kompyuta kubwa kutoka kwenye nadharia ya kwaki na gluoni, na jibu likalingana na vipimo vya maabara.

Hesabu ninayoipenda kuliko zote ni hii. Kiini cha atomu ya chuma ni chepesi kuliko protoni na nyutroni zake zikipimwa mojamoja, kwa karibu asilimia 1. Viini hivyo vilipoundwa nyotani, nishati ilitoka, ikaondoka na tungamo lake. Kimondo chetu kina upungufu wa zaidi ya kilo 100 kwa sababu hiyo.

Hata hivyo simdharau Higgs. Ukubwa wa atomu unategemea tungamo la elektroni, ambalo nalo hutoka uga wa Higgs: lipunguze nusu, atomu itapanuka mara mbili, liondoe kabisa, na elektroni haitashikwa na kiini chochote.