Kariotipu ni nini, na kwanini karanga na njugu mawe sio ndugu wa karibu

Kaa kijiweni Masasi msimu wa njugu utasikia mtu anakuambia njugu mawe na karanga ni mtu na mdogo wake, kisa zote zinazaa chini ya udongo. Ubishi huo kariotipu inaumaliza.

Kariotipu ni kromosomu zote za kiumbe zilizopigwa picha halafu zikapangwa jozi kwa jozi, ndefu mpaka fupi. Kromosomu ndo vile vijiuzi vilivyobeba vinasaba ndani ya seli, muda mwingi vimetawanyika huwezi kuvihesabu, mpaka seli ikitaka kugawanyika ndo vinajikunja vinanenepa. Sasa unavipataje? Unaotesha mbegu kwenye pamba yenye maji, mzizi ukichomoza sentimita moja hivi unakata ncha tu maana ndo seli zinapogawanyika sana, unaitia kolkisini, dawa ya kuzuia seli isigawanyike, ili mgawanyo usimame hapohapo, halafu unaihifadhi kwenye alkoholi na asidi asetiki, unailainisha, unaipaka rangi, unaibana kati ya vioo viwili kwa dole gumba. Kidole kikiteleza tu umeharibu, anza upya. Kazi ya roho ngumu hii!

Ukihesabu, karanga zina 40, njugu mawe 22, na kunde nazo 22. Njugu mawe kumbe jamaa zake ni kunde! Ila usikimbilie namba peke yake, mbaazi nazo zina 22 na haziko ukoo huo wa karibu, ndo maana wanapima urefu na kuangalia kiuno cha kila kromosomu, yaani pale ilipobanwa ikawa nyembamba, kiko wapi.

Hiyo 40 ya karanga ilitokana na mimea pori miwili ya Amerika Kusini, kila mmoja una 20, ikachanganyika na idadi ikajidabo. Karanga pori nyingi bado zina 20, na baadhi zinahimili magonjwa ya madoa ya majani na kutu, mkulima yeyote angezitamani, tatizo ukizipandisha na karanga yetu mtoto anapata 30, kuna kromosomu zinakosa mwenza, mmea unatoa maua ila mbegu hakuna. Dawa yake ni kudabo kromosomu kwanza, tena kwa kolkisini ileile.

Zetu kwa zetu hazina shida hiyo. Mbegu za kisasa kama Mnanje 2009 ya kituo cha utafiti cha Naliendele, Masasi 2009, hata zile alizobakiza bibi kwenye kihenge, zote 40.