Asali ikiganda si feki jamani

Mwezi wa saba nilikuwa Njombe, nimebeba chupa ya asali ya Tabora, wakati nainunua ilikuwa inamiminika vizuri kabisa. Wiki tatu mbele imekuwa nyeupenyeupe, kijiko kinasimama, ukitia mdomoni inasagika kwenye meno kama sukari. Kila aliyeiona akaniambia umepigwa, hiyo ni sukari. Nikaimwaga yote, na mpaka leo inaniuma maana ilikuwa nzima.

Hii ndo dhana inayowatesa wafuga nyuki wetu kuliko zote, eti asali orijino haigandi. Ukweli ni kwamba asali ni sukari nyingi ndani ya maji kidogo sana, ikiwa imeiva maji huwa chini ya asilimia 20 hivi, na sukari zake kubwa ni mbili, glukosi na fruktosi. Glukosi ndo haitulii, inajitenga taratibu inakuwa chembechembe, na baridi ya nyuzi 14 hivi ndo inaiharakisha zaidi, sasa Njombe mwezi wa saba unategemea nini? Yenye fruktosi nyingi inachelewa sana kuganda, kwahiyo kutoganda nako hakuthibitishi chochote. Ikiganda weka chupa kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unavumilia, uiache, itarudi. Usiichemshe tu, harufu yake nzuri inapotea.

Kuna na vipimo vya mtaani. Unachovya kiberiti kwenye asali, kikiwaka basi ni yenyewe, au unadondosha tone kwenye glasi ya maji, likizama ni yenyewe. Vyote viwili vinapima wingi wa maji tu, havijui kama ni nyuki au ni jiko. Shira nzito ya sukari nayo inazama, wakati asali halali ya nyuki wadogo, ile nyepesi yenye uchachu, kwa asili ina maji mengi na inaweza kufeli. Na wanaosema sisimizi hawagusi asali ya kweli, asikudanganye mtu, wanaila. Rangi pia inategemea maua, nyeusi sio lazima iwe imechakachuliwa. Uhakika unapatikana maabara, ukikosa hiyo basi nunua kwa mfugaji unayemjua.

Mwenye kisukari akiambiwa asali haina shida kwa sababu ni ya asili, hapana, inapandisha sukari mwilini kama kawaida.

Ila hili la mwisho naomba mlishike kweli. Wengi tunaamini kichanga akilambishwa asali kifua kinafunguka. Mtoto chini ya mwaka 1 hapewi asali hata tone, hata iwe safi namna gani, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima linazimudu ila la kichanga haliwezi, zinaota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli, mtoto anakosa choo, kilio kinafifia, kunyonya kunamshinda, mpaka pumzi. Kuichemsha jikoni hakuziui. Mjukuu alipozaliwa kwetu mama mkubwa alishachovya kidole tayari, nikamshika mkono nikamwambia shikamoo mama, naomba hili tuliache kwanza, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakipangusa kidole kwenye khanga akaomba amshike mtoto.