Umetoka kuugua taifodi? Mseto ndiyo, kuharishwa hapana

Ayurveda ni nini?
Ni tiba ya jadi ya Bara Hindi: chakula, mitishamba, mafuta, mapumziko. Kwa anayetoka ugonjwani, husema agni, yaani moto wa kumeng'enya chakula, umefifia na uamshwe taratibu. Kwa chakula hatuna ugomvi nayo.

Homa imekata siku ya nne. Niache vidonge, nianze mitishamba?
Hapana. Homa ya taifodi kwa kawaida hushuka siku ya tatu hadi ya tano ya dawa, na bakteria bado wamo. Ukiandikiwa siku 7, meza 7. Ukiandikiwa 14, meza 14. Nafuu si kupona.

Na triphala, ule unga wa Ayurveda wa matunda matatu, au mafuta ya nyonyo, ya kusafisha tumbo?
Hapana, tena hapana. Taifodi hutia vidonda mwishoni mwa utumbo mwembamba, na hatari ya utumbo kutoboka huwa kubwa kuanzia wiki ya tatu, wakati mgonjwa anajiona amepata ahueni. Ukimharisha, unaulazimisha utumbo wenye vidonda ujikamue. Kuingizwa maji kwa bomba njia ya haja kubwa nako ni vilevile. Hata vitabu vya kale vya Ayurveda vinakataza kumharisha mtu dhaifu, kwa hiyo anayekuuzia "kutoa sumu" hafuati hata tiba anayoitangaza.

Lakini sijapata choo siku tatu.
Kunywa maji, kula papai lililoiva, kisha mwulize aliyekutibu. Usijiharishe.

Nile nini?
Siku mbili za kwanza, uji mwepesi wa mchele wenye chumvi kidogo. Kisha mseto laini: nusu kikombe cha mchele, nusu cha choroko za kupaaza zisizo na maganda, maji vikombe sita, robo kijiko cha chai cha manjano, bizari nyembamba kidogo. Chemsha hadi vipondeke kwa mwiko, umalizie na kijiko kimoja cha chai cha samli. Kula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Pilipili na vya kukaanga vingoje.

Maziwa ya manjano je?
Mazuri, ila usiyamezee siprofloksasini, mojawapo ya dawa za kuua bakteria wa taifodi. Kalsiamu huikamata dawa tumboni isiingie mwilini. Vivyo hivyo bhasma, zile dawa za majivu ya chuma au ya kombe. Meza kidonge kwa maji, saa mbili kabla ya vitu hivyo au saa sita baada yake.

Si ni za asili, zitadhuru nini?
Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston, Marekani: 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Giloy nayo, mmea wa kutambaa unaosifiwa kuongeza kinga, imeshahusishwa na homa ya ini huko India. Unga usio na lebo usiumeze.

Lini nirudi hospitali?
Tumbo likiuma ghafla au kuwa gumu, choo kikiwa cheusi kama lami au chenye damu, homa ikirudi, mgonjwa akiweweseka, macho yakiwa ya njano. Nenda saa hiyohiyo, usingoje kesho. Usilichue tumbo kwa mafuta ukisubiri lipoe. Kama utumbo umetoboka unahitaji upasuaji, na kila saa unayochelewa uchafu unazidi kumwagika tumboni. Beba dawa zote ulizotumia, hata zile za kwenye karatasi za kusokota.