Mkono Uliovimba Baada ya Ajali Haukandwi: Maswali na Majibu

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba hapa Tanga. Maswali haya nayasikia kila mara kutoka kwa watu walioanguka na bodaboda au baiskeli, wakavunjika mtulinga au wakateguka shingo, na miezi baadaye mkono ukaanza kuwasumbua. Nimeyaandika kwa sababu wengi wanatufikia wakiwa wamechelewa, na ukiwauliza walikuwa wapi, jibu ni lilelile: kwa mchuaji.

Nimeambiwa nina TOS. Ni ugonjwa gani huo?

Ni kubanwa kwa mishipa inayokwenda mkononi. Shika mtulinga wako, ule mfupa uliolala mbele ya bega, pale mkanda wa begi unapokaa. Kati yake na ubavu wa kwanza pana uwazi mwembamba. Humo hupita mishipa ya fahamu, mshipa unaopeleka damu mkononi na mshipa unaoirudisha moyoni. Uwazi ukipungua, kimojawapo hubanwa. TOS ni kifupi cha jina la kitaalamu utakaloliona kwenye faili lako.

Ajali ilikuwa miezi minne iliyopita. Mbona mkono unaanza sasa?

Kwa sababu kuumia ni siku moja, lakini kovu hujijenga polepole. Mfupa ukiunga huota kinundu pale ulipovunjika, na ukiunga vibaya hupunguza uwazi. Misuli ya shingo iliyochanika nayo hupona kwa kovu, na kovu hukaza. Mtu amesharudi kazini, amesahau. Siku moja anaanika nguo, mikono inachoka kabla beseni halijaisha. Kidole kidogo na cha pete vinakufa ganzi. Msusi anashindwa kumaliza kichwa kimoja, mwezeka makuti anashuka paani kabla ya adhuhuri.

Hapo ni mishipa ya fahamu inayobanwa, na zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wa TOS wako kundi hili. Hiyo si baridi yabisi. Wala si jambo la kumeza diklofenaki za dukani mwezi hadi mwezi, ukaharibu tumbo na figo huku mishipa inaendelea kubanwa.

Mkono umevimba. Nikakandwe?

Hapana.

Mwaka huu aliletwa kijana wa bodaboda na mama yake. Alipovua fulana, chumba kizima kilinuka mafuta ya mnyonyo. Mkono wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto, rangi imeiva kama zambarau, na mishipa midogo imejitokeza begani na kifuani kama mizizi juu ya mchanga. Alikuwa amekandwa siku tisa, asubuhi na jioni. Mama alisema kwa upole, "Tulidhani damu imelala, tukawa tunaiamsha."

Damu haikulala, iliganda. Mshipa unaorudisha damu ulibanwa chini ya mtulinga, bonge la damu likaziba njia. Ukilikanda, unaweza kulibandua likasafiri hadi kwenye mapafu, na mtu akaishiwa pumzi akafa mikononi mwa ndugu zake. Kijana yule tulimkimbiza kwa madaktari siku ileile. Wengine hawafiki.

Kwa hiyo narudia: mkono uliovimba ghafla na kubadilika rangi haukandwi.

Hata kwa maji ya moto na chumvi tu?

Hata kwa hayo. Haukandwi kwa maji, kwa mafuta, kwa kisigino cha mtu wala kwa chupa. Usiufunge kwa kamba au kitambaa cha kubana. Uegemeze juu ya mto, uende hospitali leo.

Bibi yetu amekanda wengi na wakapona. Mnadharau mambo ya wazee?

Simdharau bibi. Misuli iliyochoka kwa kulima au kuvuta nyavu ikikandwa hupata nafuu, na wengi aliowatibu walikuwa na hilo. Ila macho ya bibi hayaoni ndani ya mshipa, na yangu pia hayaoni. Ndiyo maana kuna kipimo cha ultrasaundi, kinachoonyesha kama damu inapita au imesimama. Mkono ukishapimwa na bonge lisionekane, tutazungumza mengine. Kabla ya hapo, bibi naye namwomba kwa heshima zote: mtu akija na mkono umevimba, usimguse, mwambie aende Bombo, hospitali yetu ya mkoa.

Nijue vipi kwamba hili ni la leo na si la wiki ijayo?

La leo ni mkono uliovimba ghafla, mzito, wa bluu au zambarau. La leo pia ni mkono uliopoa kuliko mwenzake, vidole vimepauka, mapigo kwenye kifundo hayasikiki. Hapo damu haifiki, na misuli huanza kufa ndani ya saa chache. Huo wa pili ni wa saa hii, hata kama ni usiku wa manane. Na mwenye mkono uliovimba akibanwa na pumzi, akichomwa kifuani au akikohoa damu, msisubiri hata kubadilisha nguo.

Kwa bonge la damu, dawa ya kuliyeyusha hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya siku 14 za mwanzo. Sasa hesabu mwenyewe: siku tisa kwa mchuaji, tatu za kutafuta nauli, mbili za kubishana nyumbani.

Ganzi na uchovu vinavyokuja na kuondoka vinaweza kusubiri kliniki ya wiki hii. Visisubiri mwaka. Ukiona nyama ya chini ya kidole gumba imeanza kubonyea, umekwisha kuchelewa, na nyama iliyokauka mara nyingi hairudi ilivyokuwa.

Ni lazima nipasuliwe?

Kwa mishipa ya fahamu, wengi huanza na mazoezi tiba kwa miezi mitatu hivi, na wapo wanaoishia hapo. Tunalegeza misuli ya mbele ya shingo, tunaimarisha ya mgongoni, tunafundisha kupumua kwa tumbo badala ya kuinua mabega. Lakini mazoezi ni ya kila siku. Anayekuja kwangu Jumanne na nyumbani hafanyi kitu hadi Jumanne nyingine, asiniambie mazoezi yamemshinda.

Yasipoleta nafuu, au nyama zikianza kukonda, au tatizo likiwa kwenye mshipa wa damu, upasuaji huja mbele. Kutoka Tanga rufaa huweza kukufikisha Dar es Salaam. Safari ni ndefu, kilomita 350 hivi. Beba picha zako zote za eksirei, hata zile za siku ya ajali.

Wakinitoa ubavu nitapumuaje?

Vizuri. Una mbavu 24, na huo wa kwanza ni mfupi, umejificha juu kabisa. Mkono haukatwi, hilo naulizwa sana. Daktari hupitia juu ya mtulinga au kwapani ukiwa kwenye nusu kaputi, huuondoa ubavu na kukata misuli inayobana. Hatari zipo, na ni haki yako kuzisikia: hewa kuingia pembeni ya pafu na kuhitaji mrija wa kifuani kwa muda, kuvuja damu, mshipa wa fahamu kujeruhiwa, au maumivu kurudi kovu likikaza. Wengi hupata nafuu kubwa, si wote. Muulize daktari anayekupasua: amekwishafanya mara ngapi? Si utovu wa adabu.

Mtajie dawa zote unazotumia, pamoja na aspirini na mizizi ya kuchemsha. Usifiche mizizi, maana mingine huzuia damu kuganda. Ukiambiwa usile, usile. Kuna ndugu hupenyeza uji alfajiri kwa huruma, "asije akaingia na njaa". Uji huo mgonjwa aliyelala kwa nusu kaputi anaweza kuutapika ukaingia kwenye mapafu. Shangazi, huruma hiyo iweke kwenye chupa ya chai hadi atakapoamka na wauguzi wakuruhusu.

Nikirudi nyumbani?

Siku chache wodini, kisha mazoezi mepesi ya bega na shingo mapema, kama utakavyoelekezwa. Bega likifungwa wiki nyingi kwa kuogopa, linaganda. Ndoo kichwani, gunia begani na kukuna nazi kwenye mbuzi mabega yakiwa masikioni, hivyo viache hadi daktari akuruhusu. Mara nyingi ni wiki kadhaa. Usilalie mkono wa upande huo, wala usilale umeuweka juu ya kichwa. Ukipewa dawa ya kuzuia damu kuganda, meza kila siku saa ileile na uende kupima damu ukiitwa. Usiiache kwa sababu uvimbe umeisha.

Na kidonda kikishapona, mtu atakuambia mkono bado mgumu, ukandwe kidogo. Mwambie hapana.

Mimi nimeshakandwa wiki nzima na mkono bado umevimba. Naogopa kwenda hospitali nitasemwa.

Njoo hivyohivyo na mafuta yako. Mweleze daktari ukweli: uliumia lini, uvimbe ulianza lini, ulikandwa mara ngapi. Ukisemwa, vumilia, itapita. Siku unazozificha ndizo anazozihitaji ili ajue kama dawa ya kuyeyusha bonge bado inafaa. Usingoje Jumatatu.