Chipu chini ya ngozi haiwezi kukufuata kila uendako

Wengi wanaamini kwamba mtu akishapachikwa chipu chini ya ngozi, anaonekana popote alipo, hata akiwa shambani. Wengine huongeza kuwa inaweza kupenyezwa kwa sindano ya chanjo. Hofu hiyo ina mzizi: mwili ni wa mtu mwenyewe, na simu zetu kweli hutoa habari zetu nje.

Chipu anayowekewa mbwa au paka ni kichupa cha kioo kama punje ya mchele, urefu wa milimita 12 hivi. Ndani hamna betri. Imebeba namba ya tarakimu 15, nayo hukaa kimya hadi kisomaji, yaani kifaa cha kuisoma, kisogezwe karibu kabisa. Umeme wa kuiamsha hutoka kwenye kisomaji chenyewe. Chipu ambazo baadhi ya watu nchini Sweden wamepachikwa mkononi ili kufungulia milango hufanya kazi vivyo hivyo.

Jaribu mwenyewe. Chukua kadi ya benki ya kugusisha, uisogeze taratibu kwenye mashine ya malipo: ukiwa mbali, kimya, karibu kugusa, inaitika. Kisha washa ramani ya simu uone chaji inavyoshuka: kumfuata mtu alipo kunahitaji umeme, na chipu haina betri. Na sindano ya chipu ya mbwa ni nene kuliko ya chanjo. Mwombe daktari wa mifugo akuonyeshe.

Kinachonipa wasiwasi mimi ni kumbukumbu. Kila mlango unaofunguliwa kwa chipu, au kwa kadi, unaweza kuandikwa kwenye kompyuta ya mwenye jengo, saa na dakika. Hapo ndipo pa kuuliza nani anazisoma na anazihifadhi kwa muda gani.