Je, wajua kwa nini fimbo ya kuvulia huzungushwa kama mshikaki baada ya kupakwa epoksi?

Ukipita kwa mtu anayekarabati fimbo za kuvulia, iwe Likoni au Mtwapa, unaweza kukuta kioja: fimbo imelazwa juu ya vigingi viwili, inajizungusha polepole kama mshikaki, ila chini hakuna makaa. Mota inayoizungusha huenda imetolewa kwenye maikrowevu iliyokufa, ile ndogo ya chini ya sahani ya kioo, inayokwenda mizunguko mitano au sita kwa dakika. Itazunguka hivyo saa kadhaa, na mwenyewe amekaa pembeni anakunywa kahawa yake.

Kazi yenyewe iko kwenye uzi. Zile pete zinazopitisha mshipi hazikupigiliwa misumari. Miguu yake imefungwa kwa uzi mwembamba uliozungushwa ukabana, na uzi huo ukiachwa wazi, chumvi na misuguano huumaliza upesi. Ndipo hufunikwa kwa epoksi, kimiminika cha chupa mbili, rezini na kigumishi, ambacho kikiganda huwa kama kioo kinachopindika kidogo. Nguru akivuta, fimbo hupinda, na ganda hilo lazima lipinde nayo bila kupasuka.

Sasa, epoksi mbichi ni kama asali. Uso wake una mvutano unaojaribu kuifanya iwe laini na sawa, na huo ndio unaofuta michirizi ya brashi, si ufundi wa mkono. Lakini nguvu ya uvutano ya dunia nayo inaivuta chini. Ukipaka fimbo iliyolala kisha ukaiacha, baada ya muda mfupi utaona imeota kitambi: juu pembamba, chini tone linaning'inia. Ikizungushwa, kila upande unafika chini kwa zamu, na kabla epoksi haijapata nafasi ya kuteremka, upande huo umeshapanda tena. Mvutano wa uso unabaki peke yake kazini. Asiye na mota huigeuza kwa mkono nusu mzunguko kila baada ya dakika chache mpaka ianze kushika. Inawezekana, ila usiku huo hulali.

Kwa hiyo anayerudiarudia kupitisha brashi akitaka kulainisha anajiharibia, kwani kila mpito unaingiza hewa. Vipovu ndivyo adui mkubwa, na vingi huzaliwa kikombeni kwa kukoroga kwa pupa. Vingine hutoka ndani ya uzi wenyewe: epoksi inapozama katikati ya nyuzi, hewa iliyokuwamo hupanda juu. Ndiyo maana mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la epoksi, hupakwa mwembamba, uzi unywe ushibe, kisha wa pili ndio wa kujaza. Vipovu vikibaki, mwali mdogo wa taa ya spiriti hupitishwa haraka chini yake. Joto huifanya epoksi kuwa nyepesi, vipovu vikapanda na kupasuka. Haraka, nimesema. Ukikawia unachoma uzi.

Kuna kosa moja ambalo watu wa pwani tunaangukia kwa sababu ya boti. Mafundi wa boti za faibaglasi wamezoea rezini ya poliesta, ambayo hutiwa matone machache ya kichocheo, na ukiongeza kidogo inawahi kuganda. Epoksi si hivyo. Kigumishi chake ni nusu ya chakula chenyewe: epoksi nyingi za fimbo huchanganywa sawa kwa sawa, na wenye busara hupima kwa bomba la sindano. Ukizidisha kigumishi ukidhani unaharakisha, ziada hukosa wa kushikana naye, na fimbo inabaki ikinata miezi na miezi.

Halafu kuna hewa yetu ya Mombasa. Mwaka mmoja, katikati ya masika, nilipaka fimbo ya kuvulia samaki aina ya kolekole jioni, mvua imetoka kukatika. Asubuhi ganda lilikuwa na ukungu kama maji ya tui, na ukiligusa linateleza. Nililaumu chupa bure. Kigumishi kinapokutana na unyevu na hewa ya kaboni dayoksaidi kabla hakijamalizana na rezini, huacha utando wa namna hiyo juu. Utando huyeyuka kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Ukiupakia mkono mwingine juu bila kuuosha na kupiga msasa laini, utabanduka kama ganda la yai. Siku hizi nasubiri kaskazi, Januari au Februari, na napaka mchana jua likiwa limekausha hewa. Bei yake ni kwamba joto huharakisha kuganda, na mchanganyiko uliorundikana kikombeni hujipasha moto wenyewe. Naumimina mara moja juu ya karatasi ya foili, utandazike upoe, nipate muda.

Mafuta ya mikono nayo ni balaa. Epoksi hukimbia palipo na mafuta na kuacha vishimo kama macho ya samaki, kwa hiyo fimbo hufutwa kwa spiriti kabla, na baada ya hapo haishikwi ovyo. Ganda la zamani nalo hukwanguliwa taratibu. Dawa kali ya kutoa rangi usiiguse, maana mwili wa fimbo wenyewe ni nyuzi zilizogandishwa kwa rezini, na dawa haijui kuchagua.

Baada ya siku moja ganda huonekana kavu. Bonyeza kwa kucha mahali pasipoonekana. Alama ikibaki, itundike fimbo tena siku kadhaa, hata kama wenzako wameshapiga simu kwamba jodari wamefika.